Goti Linadai Wiki 12



Katika mikutano ya tawi letu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, mizani ya chai, vyoo vya kambi na mikataba ya vibarua. Hayo yote ni mambo ya haki na lazima tuendelee kuyasema. Lakini liko jambo jingine ambalo kila mmoja wetu hulibeba peke yake, kimya kimya, chini ya suruali au gauni lake. Nalo ni goti. Ukitaka ushahidi, simama kambini jioni watu wanapotoka shambani. Tazama jinsi mchumaji wa miaka 40 anavyoshuka ngazi za nyumba yake, akishika ukuta na kutanguliza mguu mmoja kama mtoto. Muulize ana nini, atakujibu, "Ah, ni baridi tu." Si baridi, ndugu zangu.

Naandika habari hii kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa mchumaji katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nashuka mteremko na mzigo wa majani mgongoni. Mguu wa kulia ulinasa katika tope, mwili ukageuka kushoto, na goti likalia "ko!" ndani yake. Sikuanguka. Nilisimama kidogo, nikaona aibu kukaa chini mbele ya wenzangu, nikaendelea mpaka nikatimiza kilo zangu. Wale wanaolipwa kwa kilo wanajua kwa nini nilifanya hivyo. Asubuhi ya pili goti lilikuwa limevimba kama papai.

Katika zahanati ya shamba nilipewa vidonge vya kutuliza maumivu, nikarudishwa kazini. Nyapara alinitania kuwa nimezeeka. Katika daftari la zahanati yaliandikwa maneno matatu tu: "Maumivu ya goti." Hayakuandikwa maneno "ajali kazini". Nami sikudai yaandikwe, kwa kuwa sikujua uzito wake. Baadaye nitaeleza jinsi maneno hayo yalivyonigharimu.

Ni kitu gani kinachochanika?

Ndani ya kila goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mna vipande viwili vya gegedu, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Vina umbo la mwezi mwandamo. Madaktari huviita meniskasi. Kazi yake mama zetu wanaielewa vizuri, maana ni kazi ya ngata. Mama anapojitwika mtungi huweka ngata kichwani ili mzigo utulie na usimuumize. Meniskasi ni ngata ya goti. Huutawanya uzito wa mwili na wa mzigo ili mifupa isisagane.

Ngata hii huchanika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula. Mguu umekanyaga imara, goti limekunjika, na mwili unageuka. Ndivyo linavyomtokea mchezaji mpira, na ndivyo linavyomtokea mpakizi wa magunia anayegeuka na gunia begani. Njia ya pili ni ya polepole. Kwa miaka mingi mtu amechutama, amepiga magoti, amepanda na kushuka na mizigo, mpaka gegedu limechakaa kama kitambaa cha zamani. Siku moja anainuka tu kutoka kwenye kitalu cha miche, nalo linaachia.

Dalili zake zafaa zijulikane na kila mfanyakazi. Maumivu hukaa pembeni mwa goti, pale mifupa miwili inapokutana. Uvimbe mara nyingi huja taratibu, baada ya saa kadhaa au siku ya pili. Kuchutama huuma, na kugeuka juu ya mguu huuma zaidi. Wakati mwingine goti hunasa, au huregea ghafula kana kwamba linataka kukuangusha. Na iko dalili moja ambayo haitaki kungoja: goti likifungika, yaani ukishindwa kabisa kulinyoosha. Hapo huenda kipande kilichochanika kimejiingiza kati ya mifupa kama jiwe katika bawaba ya mlango. Mtu huyo apelekwe hospitali upesi. Kadhalika apelekwe mtu ambaye goti limevimba sana papo hapo, au hawezi kuukanyagia mguu, au goti lina moto na yeye ana homa.

Na tusidanganywe na picha ya eksirei. Eksirei huonyesha mfupa. Meniskasi haionekani katika picha hiyo. Mwenzetu akiambiwa, "Picha yako ni safi, rudi kazini," ajue kwamba hilo si jibu. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha gegedu, lakini mashine zake ni chache na bei yake ni kubwa. Hata hivyo daktari mwenye ujuzi anaweza kujua mengi kwa mikono yake, akilikunja goti na kulizungusha, na kwa kukusikiliza ukieleza jinsi ulivyoumia. Kwa hiyo eleza yote. Usiseme "linauma" ukanyamaza.

Je, ni lazima kupasuliwa?

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hata sisi wafanyakazi tuna makosa yetu. Wengi wetu tunadhani kwamba matibabu ya kweli ni kisu, na kwamba tajiri anayekataa kulipia upasuaji ndiye anayetunyima haki. Mara nyingine ni kweli. Lakini si mara zote.

Tazama historia. Mwaka 1883, katika mji wa Edinburgh, daktari Thomas Annandale alishona meniskasi iliyochanika. Mgonjwa wake alikuwa mchimbaji wa madini, mfanyakazi kama sisi. Lakini kwa miaka mingi iliyofuata madaktari wengi hawakushona. Walilitoa gegedu lote na kulitupa, wakiamini kwamba halina kazi. Mwaka 1948 daktari Fairbank wa Uingereza alichunguza picha za magoti yaliyoondolewa gegedu, akaonyesha kwamba mifupa yake ilikuwa inabadilika na nafasi kati yake inapungua. Ngata imetupwa, mtungi unakaa juu ya fuvu. Mwaka 1962 daktari Masaki Watanabe wa Tokyo alitumia chombo chembamba cha kuonea ndani ya goti, akaondoa kipande kilichoharibika tu. Njia hiyo ya matundu madogo ilienea duniani kote.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 146 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, ambao gegedu lao lilikuwa limechanika kwa kuchakaa. Baadhi walikatwa kipande kile kweli, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza bila kukatwa kitu. Baada ya mwaka mmoja, waliokatwa hawakuwa wamepata nafuu zaidi ya wale wengine. Mwaka 2016 madaktari wa Norway wakaja na habari ya watu 140 wa makamo. Nusu walipasuliwa, nusu walifanya mazoezi kwa wiki 12, mara 2 au 3 kila wiki. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu sawa, na wale wa mazoezi walikuwa na misuli yenye nguvu zaidi katika miezi ya kwanza.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba mfanyakazi wa makamo ambaye goti limechanika kwa kuchakaa, na halijafungika, aanze kwa mazoezi. Kijana aliyechanika ghafula ni habari nyingine. Gegedu lake likiwa limechanika katika ukingo wa nje, ambako damu hufika, linaweza kushonwa likashikana. Na yule ambaye goti limefungika mara nyingi hana budi kupasuliwa. Mwenzangu mmoja, mpakizi wa magunia katika kiwanda cha sukari, goti lake lilifungika akiwa amechutama. Akabebwa mgongoni mpaka barabarani, naye akafanyiwa upasuaji. Kwake kisu kilikuwa haki yake.

Na huyo aliyepasuliwa pia anahitaji muda. Aliyeondolewa kipande huchukua wiki kadhaa kabla ya kurudi katika kazi nyepesi, na zaidi kwa kazi ya mizigo. Aliyeshonwa hukatazwa kulikunja goti sana kwa wiki za mwanzo, na hukaa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuchutama au kubeba mzigo mzito. Akiharakishwa, uzi unakatika na kazi yote ya daktari inapotea. Kwa hiyo, apasuliwe asipasuliwe, dawa kubwa ni ile ile: muda na mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Siku za mwanzo ni kupumzisha mguu, kuuinua juu, kuufunga bandeji na kuuwekea kitambaa cha maji baridi. Usiruhusu mtu yeyote kulivuta wala kulipindua goti kwa nguvu. Uvimbe ukipungua, unakaza msuli wa paja na kuuachia, mara nyingi kwa siku. Unalala chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Baadaye unakaa kitini na kuinuka bila kushika kitu, unapanda kidaraja kimoja na kushuka, unasimama kwa mguu mmoja. Kila wiki unaongeza kidogo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hukuonyesha njia na kukusahihisha; anayefanya kazi ni wewe. Nami niliyafanya hayo yote juu ya mkeka, nyumbani kwangu.

Wiki 8 au wiki 12?

Sasa nirudie habari yangu. Nilifanya kazi na goti lile kwa wiki 6, nikimeza vidonge. Halafu likawa linaniachia mteremkoni, nikashindwa kabisa. Nilikwenda hospitali ya serikali, daktari akalipima kwa mikono, akaniambia gegedu limechanika lakini sihitaji kisu. Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, naye akanipangia wiki 12.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Lakini mwezi wa pili ukimalizika naye bado hawezi kazi, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Na ndivyo nilivyofanyiwa. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa katika wiki ya 8 ya mazoezi. Uvimbe ulikuwa umekwisha, nilikuwa natembea vizuri, sikuwa naweza mzigo bado. Nikapewa barua. Nikatoka katika nyumba ya kambi na watoto wangu. Wiki ya 12 ilinikuta kijijini, nabeba maji mtungi mzima kutoka mtoni bila maumivu. Zilikosekana wiki 4 tu! Shamba likampoteza mchumaji mwenye uzoefu wa miaka mingi, nami nikapoteza kazi, kwa wiki 4.

Mtu atauliza, "Mbona hukudai fidia?" Hapo ndipo yanapoingia yale maneno matatu ya daftari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mwajiri anawajibika kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea katika kazi. Wala mwajiri hawezi kukwepa kwa kusema tu kwamba mfanyakazi alizembea. Lakini nitawezaje kuthibitisha ajali ambayo haikuandikwa popote? Katika karatasi mimi nilikuwa mgonjwa wa kawaida, kama mtu aliyepatwa na homa. Ajali yangu ilikufa siku ile ile niliyonyamaza.

Wako wakubwa wanaosema kwamba goti ni uzee tu na kazi haina lawama. Basi na waitazame Ujerumani. Huko kuchanika kwa meniskasi kuliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazi mwaka 1952, kwa wachimbaji wa chini ya ardhi. Mwaka 1988 mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi wa kazi nyingine. Mwaka 2009 wakaongeza goti lililolika kwa kupiga magoti: anayestahili ni yule aliyefikisha saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, kwa angalau saa 1 katika kila zamu. Tupige hesabu yetu. Mama wa kitalu anayepiga magoti saa 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha saa hizo katika miaka 14 na miezi michache. Wangapi kati yetu wamekwisha vuka hapo? Kama goti la Mjerumani huumizwa na kazi, la Mganda, la Mnyarwanda na la Mkongo anayechuma naye mstari mmoja haliumizwi na baridi.

Nao jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha njia. Kwa sheria yao ya mwaka 2008 waliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Mfanyakazi aliyeumia anadai kwa Mfuko, na miongoni mwa mafao yake yamo matibabu na huduma za kumrudisha katika hali ya kufanya kazi. Si lazima amwangukie tajiri wake miguuni.

Tudai nini?

Kubadili sheria ni kazi ndefu, na viongozi wetu wa taifa waendelee nayo. Lakini mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri tunaujadili sisi wenyewe, na unaweza kutoa zaidi ya kile kiwango cha chini cha sheria. Kwa maoni yangu, katika majadiliano yajayo tuingize mambo manne.

Kwanza, kila zahanati ya shamba na kiwanda iandike jinsi goti lilivyoumia, mahali, siku na saa, na mfanyakazi apewe nakala. Sisi nasi tujifunze kutoa taarifa siku ile ile, mbele ya shahidi, hata kama tunaweza bado kutembea.

Pili, mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa gegedu la goti limechanika asifukuzwe kabla ya wiki 12 za matibabu kumalizika, na aliyeshonwa apewe muda atakaoandikiwa na daktari.

Tatu, katika muda huo apewe kazi nyepesi kwa mshahara wake wa kawaida: kupanga majani, kuandika mizani, kuchagua miche akiwa amekaa kitini. Kazi hizo zipo. Na anayelipwa kwa kilo ahesabiwe wastani wa kilo zake za kabla ya kuumia, la sivyo ataendelea kuficha maumivu kama nilivyoficha mimi.

Nne, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aletwe zahanati kwa zamu, hata mara moja kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko kumfundisha mchumaji mpya kila mwaka.

Juu ya hayo yako mambo ya kuzuia, ambayo hayahitaji hata barua: ngazi za udongo zikatwe katika miteremko mikali, magunia yapunguzwe uzito au yasukumwe kwa mikokoteni, na wanaopiga magoti wapewe mito ya magoti na ruhusa ya kubadilisha kazi kila baada ya muda.

Najua mwajiri atasema wiki 12 ni nyingi. Na tumjibu kwa heshima: mashine ya kiwanda ikivunjika, huiachi mpaka kipuri kitoke ng'ambo? Huitupi mtoni. Huifunika turubai na kungoja, kwa sababu unajua thamani yake.

Leo niko katika kiwanda cha chai cha shamba jingine, na wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wa usalama wa tawi. Goti langu ni zima. Kila mtu anapokuja kwangu akichechemea na kusema ni baridi tu, namkalisha chini, namuuliza aliumia wapi na saa ngapi, halafu tunakwenda pamoja zahanati, na hatuondoki mpaka yaandikwe. Nanyi fanyeni hivyo katika matawi yenu, kuanzia Jumatatu.